Mahame Katikati ya Mji: Nani Azibe Ufa?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kawaida methali hiyo huambiwa mwenye nyumba. Lakini zipo nyumba ambazo mwenyewe hayupo. Pengine amehama na hajulikani aliko. Pengine anajulikana, ila hataki kuonekana. Pengine amefariki dunia na warithi wake hawaelewani. Ufa umekwisha kutokea, mvua inaingia, milango imeng'olewa, na wa kuambiwa methali hakuna. Mazungumzo haya yanahusu nyumba za namna hiyo, na kazi ya serikali za mitaa ya kuzirudisha katika matumizi ya binadamu.

Kiswahili kina neno lake kwa mahali palipohamwa: mahame. Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiri juu ya kijiji cha zamani kilichomezwa na msitu. Yapo, hata hivyo, mahame yaliyo katikati ya miji, kando ya barabara ya lami, baina ya nyumba mbili zenye watu. Na hayo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu yana majirani.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba hasara ya mahame haimwangukii mwenyewe peke yake. Nyumba ikiachwa, wezi huja kung'oa nyaya na mabomba. Taka hutupwa uani. Wahuni hupata maficho. Moto ukizuka, hauulizi mpaka wa kiwanja. Mwezi Januari mwaka 2022, katika mji wa Baltimore nchini Marekani, askari watatu wa zimamoto waliuawa pale nyumba iliyokuwa haikaliwi na mtu ilipowaporomokea walipokuwa wakizima moto ndani yake. Mwenye nyumba hakupoteza kitu siku ile. Waliopoteza ni wengine. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba nyumba yake ni mali yake, na akiiacha ioze ni shauri lake, hasemi kweli. Faida ni yake; uozo ni wa mtaa mzima.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kuutazama mji mmoja ambao uliumizwa sana na mahame, na ambao serikali yake ya mitaa ilibuni njia iliyokuja kuigwa na wengi. Mji huo ni Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani.

Flint ni mji wa wafanyakazi. Kampuni ya magari ya General Motors ilianzishwa humo mwaka 1908. Ni humo pia wafanyakazi wa kampuni hiyo walipofanya mgomo mashuhuri: tangu tarehe 30 Desemba, 1936 hadi tarehe 11 Februari, 1937, kwa muda wa siku 44, waliketi ndani ya viwanda, wakakataa kufanya kazi na wakakataa kutoka, mpaka kampuni ikakubali kukitambua chama chao. Baada ya ushindi huo mishahara ilipanda, na wafanyakazi wakajijengea na kujinunulia nyumba. Ilipofika mwaka 1960 Flint ilikuwa na watu karibu 197,000. Mwaka 1978 kampuni hiyo iliajiri watu zaidi ya 80,000 katika mji huo na vitongoji vyake.

Kisha viwanda vikaanza kufungwa, kimoja baada ya kingine. Ilipofika mwaka 2010 ajira zile 80,000 zilikuwa zimepungua hadi chini ya 8,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta wakazi wapatao 81,000 tu. Yaani, katika kila watu watano wa mwaka 1960, watatu hawapo. Watu waliondoka kufuata kazi, lakini nyumba hazihami pamoja na watu. Zilibaki zimesimama, maelfu kwa maelfu, nyingi zikiwa za mbao, na baridi kali ya Michigan ikazila.

Wapo watakaosema kwamba sababu ya mahame ya Flint ni kufungwa kwa viwanda, basi, hakuna la zaidi. Hiyo ni nusu ya kweli. Viwanda vilieleza kwa nini watu waliondoka. Havikueleza kwa nini nyumba moja, katika mtaa ambao bado una watu, ikae miaka kumi bila mtu, wakati jirani angeweza kuinunua, kuitengeneza au hata kulima bustani mahali pake. Sababu ya jambo hilo ilikuwa katika sheria ya kodi.

Michigan ilikuwa na sheria ya kodi ya mali iliyotungwa mwaka 1893. Chini ya utaratibu uliotokana na sheria hiyo, mwenye nyumba akishindwa kulipa kodi, serikali haikuishughulikia nyumba yenyewe. Ililiuza lile deni kwa mnada. Mtu binafsi alilipa kodi iliyokuwa ikidaiwa, naye akapata haki ya kumdai mwenye nyumba pamoja na riba, na mwisho, asipolipwa, akaweza kuidai nyumba. Serikali ilipata fedha zake mapema, nayo ikaona mambo yamekwisha.

Lakini hayakuwa yamekwisha. Walanguzi walinunua madeni ya nyumba nyingi kwa pamoja, nyingine bila hata kuziona. Walipozipata nyumba, waliwapangisha watu maskini, wakapokea kodi ya pango mwezi hadi mwezi bila kupigilia msumari mmoja. Nyumba ilipochakaa kiasi cha kutofaa kupangishwa, waliiacha na wao wenyewe wakaacha kulipa kodi ya serikali. Deni likauzwa tena, mlanguzi mwingine akaingia. Mzunguko mmoja uliweza kuchukua miaka saba. Na baada ya mizunguko miwili au mitatu, hati ya nyumba ilikuwa imechafuka kiasi kwamba hapakuwa na benki iliyokubali kutoa mkopo juu yake, wala mtu mwenye akili zake aliyekubali kuinunua. Hivyo ndivyo sheria, iliyotungwa kwa ajili ya kukusanya mapato, ilivyogeuka kuwa kiwanda cha mahame.

Mwaka 1999 Bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria mpya, namba 123 ya mwaka huo. Mambo makuu yalikuwa mawili. Kwanza, mnada wa madeni ulifutwa. Pili, muda uliwekwa wazi na kufupishwa. Kodi isiyolipwa katika mwaka wake hupelekwa kwa Mweka Hazina wa kaunti tarehe 1 Machi ya mwaka unaofuata. Mwaka mmoja baadaye nyumba huwekwa chini ya tahadhari ya kisheria. Mwaka mwingine ukipita bila kulipwa, baada ya taarifa kutolewa na mahakama kusikiliza shauri, nyumba huwa ya serikali moja kwa moja, na hati yake huwa safi, isiyo na madai ya mtu mwingine. Miaka saba ya kizungumkuti ikawa miaka ipatayo mitatu ya utaratibu unaojulikana.

Mweka Hazina wa kaunti ya Genesee, ambayo Flint ndio makao yake makuu, wakati huo alikuwa Dan Kildee, ambaye baadaye aliingia katika Bunge la Marekani. Yeye aliona kwamba kuzipata nyumba ni jambo moja, na kujua la kuzifanyia ni jambo jingine. Kama kaunti ingezipeleka zote mnadani mara moja, walanguzi wale wale wangerudi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo mwaka 2002 kaunti ilianzisha chombo cha kuzishika na kuzishughulikia nyumba hizo, na baada ya sheria nyingine ya mwaka 2003 chombo hicho kikawa Benki ya Ardhi kamili. Lisimpotoshe mtu jina hilo. Benki hiyo haikopeshi fedha. Inashika nyumba na viwanja kwa niaba ya umma, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba kila kimoja kinapata matumizi.

Hapa ndipo palipo na funzo kwa watumishi wa halmashauri. Benki ya Ardhi haikuwa na dawa moja kwa nyumba zote. Nyumba iliyokuwa bado imara ilitengenezwa ikauzwa au kupangishwa. Nyumba iliyokwisha oza ilibomolewa, na fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka serikali kuu. Kiwanja kilichobaki wazi baina ya nyumba mbili kiliuzwa kwa jirani kwa bei ndogo sana, naye akakiunga na ua wake. Kiwanja ambacho hakikupata jirani wa kukinunua kilikabidhiwa kwa vikundi vya mtaa wakilime au wakitunze. Jengo kubwa la katikati ya mji lilitafutiwa wawekezaji. Mfano ni Hoteli ya Durant, iliyofunguliwa mwaka 1920 na kufungwa mwaka 1973. Kwa zaidi ya miaka thelathini jengo hilo lilisimama tupu, likiwakumbusha watu wa Flint kila siku kwamba mji wao umekufa. Benki ya Ardhi ililichukua, na mwaka 2010 likafunguliwa upya kama nyumba za kupanga.

Fedha zilitoka wapi? Baadhi zilitokana na mauzo. Nyingine zilitokana na kifungu cha busara katika sheria: nyumba ikiuzwa na Benki ya Ardhi na kurudi katika daftari la kodi, nusu ya kodi yake kwa miaka mitano ya kwanza huenda kwa Benki hiyo iweze kushughulikia nyumba nyingine. Mali ambayo ilikuwa hailipi hata senti moja inaanza kulipa, na sehemu ya malipo yake inaokoa mali nyingine.

Pengine mtu atauliza kama kufyeka majani katika kiwanja kitupu ni kazi ya kujivunia. Jibu limetolewa na utafiti. Katika Flint, tangu mwaka 2004, Benki ya Ardhi imekuwa ikivilipa vikundi vya wakazi, yakiwemo makanisa na vyama vya vijana, ili kuvisafisha na kuvitunza viwanja vitupu. Watafiti walilinganisha mitaa yenye viwanja vilivyotunzwa kati ya mwaka 2009 na 2013 na mitaa yenye viwanja vilivyotupwa. Katika mitaa iliyotunzwa, mashambulio na makosa ya jinai ya kutumia nguvu yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Katika mji wa Philadelphia jambo hilo lilipimwa kwa uangalifu zaidi. Viwanja 541 viligawanywa kwa bahati nasibu: vingine vikaachwa kama vilivyo, na vingine vikatolewa taka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, na kuzungushiwa ua mfupi wa mbao. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika mitaa ya watu maskini uhalifu wa bunduki ulipungua kwa asilimia 29. Hakuna askari aliyeongezwa. Hakuna gereza lililojengwa. Ni nyasi, miti, na ua ambao hata mtoto angeweza kuuruka. Ua ule haukuwekwa kumzuia mtu. Uliwekwa kumwambia kila apitaye kwamba mahali hapo pana mwenyewe.

Ndugu wananchi, kama mazungumzo haya yangeishia hapa yangekuwa yamesema ukweli kwa upande mmoja tu. Maana dawa ile ile iliyoponya mahame imewaumiza watu wasio na hatia, na jambo hili linapasa kusemwa waziwazi mbele ya watu ambao kesho watakaa nyuma ya meza za ofisi wakitia saini.

Sheria inayoiwezesha serikali kuichukua upesi nyumba isiyolipiwa kodi haijui yenyewe kama ndani ya nyumba hiyo mna popo au mna bibi kizee. Deni ni deni. Katika mji wa Detroit, ulioko jimbo hilo hilo la Michigan, bei za nyumba zilianguka sana baada ya mwaka 2008, lakini ofisi ya mji iliendelea kwa miaka kadhaa kuzithamini kwa bei za zamani. Uchunguzi wa gazeti moja la huko, uliochapishwa mwaka 2020, ulikadiria kwamba wenye nyumba wa Detroit walitozwa kodi ya ziada isiyopungua dola milioni 600 kati ya mwaka 2010 na 2016. Watu walishindwa kulipa kodi ambayo hawakupaswa kutozwa, kisha wakanyang'anywa nyumba kwa kushindwa kuilipa. Tena wengi miongoni mwao walikuwa na haki ya kusamehewa kodi kwa sababu ya umaskini, ila hapakuwa na aliyewaambia, au fomu zilikuwa za kuchosha. Watetezi wa wananchi walifungua kesi mwaka 2016. Ilipomalizwa kwa mapatano mwaka 2018, waliostahili msamaha walipewa nafasi ya kuzinunua tena nyumba zao wenyewe kwa dola 1,000. Nyumba hizo zilikuwa na watu ndani. Ni mkono wa serikali uliokuwa ukizigeuza kuwa mahame.

Kuna mfano mwingine. Katika kaunti ya Oakland, jirani na Detroit, mwenye nyumba mmoja alilipa kodi yake ya mwaka 2011 kwa kuchelewa, akakosea hesabu ya riba. Upungufu ulikuwa dola 8 na senti 41. Kwa dola hizo 8 na senti 41, zilizovimba kwa adhabu na gharama hadi kufikia dola 285, nyumba ilichukuliwa, ikauzwa mwaka 2014 kwa dola 24,500, na kaunti ikabaki na fedha zote. Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua mwezi Julai mwaka 2020 kwamba huo haukuwa utozaji wa kodi. Ulikuwa unyakuzi wa mali. Tarehe 25 Mei, 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani nayo, majaji wote tisa wakiwa na kauli moja, iliamua vivyo hivyo katika kesi ya bibi wa miaka 94 wa jimbo la Minnesota. Alidaiwa dola 15,000; nyumba yake iliuzwa kwa dola 40,000; na kaunti ilikuwa imeitia mfukoni tofauti ya dola 25,000.

Hapana budi kuelewa kwa nini hukumu hizi zilikuwa za haki, na kwa nini pia zilizipa taabu ofisi za mitaa. Nyumba nzuri chache zilizouzwa kwa bei nzuri ndizo zilizosaidia kulipia gharama za nyumba nyingi mbovu. Sasa ziada inamrudia aliyekuwa mwenye nyumba, na ofisi inapaswa kutafuta fedha kwingine. Lakini ndivyo inavyostahili. Kazi ya kusafisha mtaa ni faida ya umma, na faida ya umma hulipiwa na umma. Haiwi haki kumlipisha bibi kizee mmoja gharama za magofu ya mji mzima.

Tofauti hiyo ndogo, kati ya nyumba iliyotupwa na nyumba ya mtu aliyekwama, ndiyo roho ya jambo zima. Sheria ya Michigan ilikuwa na mlango kwa ajili hiyo: ilimruhusu Mweka Hazina kumwondoa mwenye shida katika orodha ya mwaka huo, ampe muda wa kulipa. Palipokuwa na mtumishi aliyekwenda kubisha hodi kabla ya tarehe ya mwisho, mlango huo ulitumika. Palipokuwa na mtumishi aliyetosheka kupeleka barua kwa posta na kuandika katika jalada kwamba taarifa imetolewa, mlango ulibaki umefungwa. Sheria ni ile ile. Kilichotofautiana ni miguu ya mtumishi.

Miji mingine imejaribu njia ya kuuza mahame kwa bei ya mchezo. Mwaka 1973 mji wa Wilmington, na baada yake Baltimore, ilianza kutoa nyumba kwa dola 1 kwa mtu ambaye angekubali kuitengeneza na kuishi humo. Mwaka 2013 Liverpool nchini Uingereza ilianza kuuza nyumba kwa pauni 1 katika mtaa wa Webster, kwa sharti kwamba mnunuzi aitengeneze na akae humo miaka mitano. Magazeti ya dunia nzima yaliifurahia bei hiyo. Bei, hata hivyo, si kitu. Nyumba ya dola 1 isiyo na paa, isiyo na bomba wala umeme, ni nyumba ya gharama kubwa sana. Mpango wa Baltimore ulifanikiwa mahali ambapo mji ulitoa pia mikopo nafuu ya matengenezo na kusimamia sharti la kuishi humo. Tena ulihusu nyumba chache, hasa karibu na bandari. Miaka hamsini baadaye Baltimore ilikuwa bado na mahame yapatayo 13,000, na mwezi Desemba mwaka 2023 mji huo ulitangaza mpango wa miaka 15 wa dola bilioni 3 wa kuyamaliza. Bei ya dola 1 ilivuta macho ya watu; nyumba zilitengenezwa na mikopo na usimamizi.

Mfano wa Liverpool una jambo jingine la kutafakari. Nyingi ya nyumba zile hazikuhamwa kwa hiari ya wenyewe. Serikali ya Uingereza ilianzisha mwaka 2002 mpango mkubwa wa kubomoa mitaa ya zamani na kujenga mipya. Halmashauri zilinunua nyumba, zikawahamisha watu, zikaziba madirisha kwa mabati. Kisha serikali ikabadilika, na mwaka 2011 fedha zikakatwa kabla ya kazi kwisha. Mitaa ikabaki mitupu, si kwa kosa la viwanda wala la walanguzi, bali kwa mpango wa serikali ulioachwa katikati. Katika mtaa wa Granby wakazi wachache waliokataa kuondoka walianza wenyewe kufagia barabara, kupanda maua na kupaka rangi nyumba zilizozibwa. Mwaka 2011 waliunda chama cha wakazi cha kumiliki ardhi kwa pamoja, wakapata nyumba kumi kutoka halmashauri na kuzitengeneza. Mwaka 2015 wasanifu vijana walioshirikiana nao walipewa Tuzo ya Turner, ambayo ni tuzo kubwa ya sanaa nchini humo. Kabla ya tuzo hiyo, walikuwepo wanawake wenye fagio na ndoo za rangi.

Je, mambo haya yana maana gani kwa mtumishi wa Tanzania? Msingi wa sheria ni tofauti. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini, na mwenye hati anayo haki ya kuitumia kwa muda na kwa masharti. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake kiitwacho Mali ya Taifa, alipinga mpango wa wakoloni wa kuifanya ardhi iwe bidhaa ya kununuliwa na kumilikiwa milele. Na mwaka 1963, baada ya Uhuru, umilikaji wa namna hiyo ulifutwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo kwa sadfa ni ya mwaka ule ule wa sheria ya Michigan, inayo sehemu inayohusu ardhi iliyotelekezwa. Miongoni mwa dalili zinazotajwa humo ni kodi iliyokaa bila kulipwa, na mwenye hati kuondoka nchini bila kuacha mtu wa kuiangalia. Halmashauri haina uwezo wa kufuta hati. Uwezo huo ni wa Rais. Lakini jicho linaloona shamba limegeuka pori, au jengo limegeuka gofu, ni la ofisa wa halmashauri, na taarifa huanzia mezani kwake.

Kwa hiyo yako mambo manne ambayo uzoefu wa miji hii unayafundisha, na hakuna hata moja linalohitaji utajiri wa Marekani.

La kwanza ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna halmashauri inayoweza kurudisha katika matumizi nyumba ambayo haijui iko wapi, ni ya nani, na inadaiwa nini. Daftari hilo halihitaji mitambo ya ajabu. Linahitaji mtu wa kupita mtaa kwa mtaa, na mwingine wa kuandika.

La pili ni muda. Miaka saba ya kusubiri haimsaidii mdaiwa wala mdai. Inamsaidia mlanguzi na mchwa. Utaratibu uwe na tarehe zinazojulikana kwa wote, na tarehe ikifika jambo lifanyike.

La tatu ni kubisha hodi. Kabla ya kuitangaza nyumba kuwa imetelekezwa, aende mtu akaone kwa macho yake. Kama ndani mna mtu, hayo si mahame; ni nyumba ya mwananchi mwenye shida, na dawa yake ni nyingine.

La nne ni jirani. Yeye ndiye aliyevumilia moshi, taka na hofu kwa miaka yote ile. Ni haki awe wa kwanza kuulizwa kiwanja kifanyiwe nini, na wa kwanza kupewa nafasi ya kukitunza.

Walimu nao wana sehemu yao. Watoto hupita kando ya magofu kila siku wakienda shule, na huzoea. Kuzoea ndiko kubaya. Mwalimu anayewatuma wanafunzi wa somo la maarifa ya jamii wakachore ramani ya mtaa wao, waonyeshe kila nyumba tupu na kila kiwanja kilichoachwa, kisha wakawaulize wazee palikuwa na nini, atakuwa amefundisha jiografia, historia na uraia kwa siku moja. Huenda pia akawa ameisaidia halmashauri kupata ukurasa wa kwanza wa daftari lake.

Haifai kumdanganya mtu kwamba Flint imepona. Ajira hazikurudi kama zamani. Mwaka 2014 mji huo ulipatwa na balaa jingine, maji yake ya kunywa yalipoingiwa na risasi, na watu zaidi wakahama. Hakuna Benki ya Ardhi inayoweza kuwarudisha watu zaidi ya laki moja walioondoka. Lakini kile kiwanja cha viwanda kando ya mto, ambamo wafanyakazi waligoma mwaka 1937, na ambacho kilibaki jangwa la saruji baada ya viwanda kubomolewa, kimepandwa nyasi na miti, na kimewekwa katika mpango wa bustani ya jimbo. Mji uliopungukiwa na watu umekataa kupungukiwa pia na heshima.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba ikiwa na mwenyewe, aambiwe yeye. Isipokuwa na mwenyewe, methali hiyo yaambiwa halmashauri: na wa kuiambia ni jirani anayelala ng'ambo ya ukuta huo.